Rivyu ya wale jamaa wanaopokea wahamiaji wapya Kigoma: nyota nne, ya tano imebaki kwenye mita ya LUKU

Naandika hii mara moja iishe maana kila siku mtu ananiuliza, we ulihamaje Kigoma na huku huna shangazi wala mjomba, hao waliokupokea ni akina nani, usije ukawa umeingizwa kwenye upatu. Sio upatu. Sio dini pia na sio chama cha siasa, ingawa kuna kaka mmoja pale ukimwachia nafasi anaongea mpaka mkaa unaisha kwenye jiko. Ni watu waliohamia Kigoma kwa kupenda wenyewe, kutoka Dar, Mwanza, Morogoro na kwingine, mafundi, wakulima wa michikichi, wawili watatu wanafanya kazi za kompyuta wakiwa nyumbani, na wanachoamini ukikifupisha ni kwamba mtu ajiendeshee maisha yake, asimlazimishe jirani na jirani asimlazimishe, na mkisaidiana iwe kwa hiari. Jina sitaji kwa sababu hawana, hata kibao hawana.

Wanachofanya ni kumpokea mgeni. Mchango ni elfu hamsini kwa mtu mmoja, familia mnaelewana. Kwa hiyo hela unafuatwa stesheni au stendi, mzigo wako unashushwa na kubebwa, wiki ya kwanza unakaa kwa mwenyeji unakula na kulala, unatafutiwa chumba bila dalali, unasindikizwa serikali ya mtaa, na jioni moja kuna kikao cha kukutambulisha. Sasa we linganisha mwenyewe na dalali, ambae kwanza anakula hela ya kukuonyesha nyumba, umeikubali hujaikubali hiyo hairudi, alafu ukilipia chumba anachukua kodi ya mwezi mmoja mzima, na ukimuuliza jirani wa pale yukoje anakwambia majirani wote wazuri tu dada.

Mi nilikuja na treni ya reli ya kati, ile reli Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na sikupanda treni kwa ajili ya kuangalia nchi, ilikua ni mzigo. Mi fundi cherehani. Nina Butterfly ya miguu na nina ovaloki ya umeme, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ambayo niliinunua kwa kudunduliza mda mrefu sana, kwa hiyo kichwa cha cherehani nilikifunga kanga mbili nikakaa nacho miguuni toka Dar, pale Tabora reli inapogawanyika, moja ya Mwanza moja ya huku, watu wanachungulia madirishani wananunua asali mi nimekikumbatia tu. Ndo maana nilipowapigia simu mara ya kwanza swali langu halikuhusu uhuru wala falsafa yoyote, niliuliza ovaloki itashushwa na nani.

Walikuja na guta limetandikwa godoro kuukuu. Kulikua na vijana wawili na kaka mtu mzima kidogo ambae ndo mratibu wao, na mmoja wa wale vijana kabla hajagusa kitu alinisalimia, akaniambia pole na safari dada, alafu akauliza, "Hiki kichwa unabeba mwenyewe au unaniamini?" Nikamwambia nabeba mwenyewe. Hakununa. Ovaloki aliishika kwa chini kwenye kitako, hakuishika kwenye zile mikono ya nyuzi kama wanavyofanya watu wote wanaokuja kukusaidia, nikajua huyu kafundishwa, na kweli akaniambia kwenye kundi kuna fundi mwingine alimpigia akamwelekeza kabla sijafika. Yani nilikua sijamjua hata mtu mmoja Kigoma na tayari kuna mtu kapigiana simu na mwenzie kuhusu ovaloki yangu. Hapo nyota mbili nilishazitoa kimoyomoyo, tukapanda nayo Lumumba, guta linaunguruma mbele mi nyuma na bajaji, juu huko miembe, tukapita Mwanga tukanyoosha Ujiji.

Hii ya kushusha mzigo kumbe wameitoa mbali. Kaka mratibu alitueleza kwenye kikao, na hapa ndo niliposema mkaa unaisha, maana anaiongelea New Hampshire kama mtu anaeongelea Kasulu kwao. New Hampshire ni jimbo dogo la Marekani kule kaskazini mashariki, baridi na theluji. Mwaka 2001 kijana mmoja aliekua anasoma shahada ya uzamivu Yale, Jason Sorens, aliandika makala kwamba watu wanaopenda uhuru wametawanyika nchi nzima ndo maana hawana nguvu popote, wakihamia watu elfu 20 kwenye jimbo moja dogo sauti yao itasikika. Mpango ukaitwa Free State Project. Mwaka 2003 walioandikishwa wakapiga kura wachague jimbo gani kati ya kumi, ikashinda New Hampshire, Wyoming ikawa ya pili. Ahadi ilikua kwamba idadi ikitimia elfu 20 kila mtu anahama ndani ya miaka mitano, na idadi ikatimia Februari 2016. (Elfu ishirini, kama ile ya kitambulisho cha mmachinga kilichoanza 2018, mama mmoja pale nyuma aliuliza kama na wao walilipia.) Waliohama kweli ni wachache kuliko waliosaini, hilo kaka alilisema mwenyewe bila kuulizwa na mi nikampenda kwa hilo.

Kwanini kule? Kwa sababu mshahara wako haukatwi kodi ya mapato ya jimbo, dukani hakuna kodi ya mauzo ya jumla, mtu mzima halazimishwi kufunga mkanda kwenye gari, na kwenye namba za magari imeandikwa kauli ya "ishi huru au ufe". Bunge lao la chini lina wabunge 400 kwa watu kama milioni 1.4, yani wanakaribiana na wabunge wetu wote wa Dodoma na sisi sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61, na kila mbunge analipwa dola 100 kwa mwaka. Kwa mwaka! Pale kikao kilivurugika kidogo watu wakawa wanacheka, mzee mmoja akasema basi huyo mbunge unamkuta sokoni ananunua dagaa mafungu kama wewe. Kodi ya majengo na ardhi lakini ni kubwa, hiyo nayo tuliambiwa, kwa sababu hela ya shule na barabara lazima itoke mahali. Nembo yao ni nungunungu, mnyama ambae hakusumbui usipomsumbua, na kila mwezi wa sita wanakutana kwenye tamasha la kupiga kambi huko Lancaster, mji wa huko huko. Na mtu akihamia, wenyeji waliomtangulia wanaenda kumshushia lori. Hao ndo walionishushia ovaloki mimi Ujiji, ukifuata mnyororo.

Kiukweli hiki kikao ni kirefu mno kwa mtu aliyetoka safarini. Wangekiweka wiki ya pili. Mi nilisinzia katikati kwenye historia ya kampeni za nini sijui, niliamshwa na mwalimu mstaafu mmoja, mama wa makamo, ambae yeye sio mhamiaji, ni mzaliwa wa hapa, anakujaga kusikiliza tu. Yeye ndo alimwambia kaka, "Mwanangu, waambie na ya Croydon." Kaka akajikuna. Mwalimu akaisimulia mwenyewe, na nawaambia hii ndo sehemu bora kuliko zote za ile jioni.

Croydon ni kamji kadogo huko huko New Hampshire, wananchi wanakaa mkutano wa mwaka wanapitisha bajeti wenyewe kwa kunyoosha mikono au kwa karatasi. Machi 2022 walihudhuria watu wachache sana, mtu mmoja wa hao hao wa Free State akapendekeza bajeti ya shule ikatwe kutoka dola milioni 1.7 mpaka laki 8, ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Wazazi kusikia wakashikwa butwaa. Wakazunguka nyumba kwa nyumba, mwezi wa tano ukaitishwa mkutano mwingine, safari hii watu wakaja kweli kweli, bajeti ikarudishwa kwa kura 377 dhidi ya mbili. Mwalimu alivyosema "mbili" alinyanyua vidole viwili akatuangalia mmoja mmoja, sisi wageni, alafu akasema hapa mtaani kwetu mkutano wa shule upo, mnakaribishwa, ila mje mkae kwanza. Hakuna aliyemjibu, kaka akatia mkaa.

Mi naona hiyo stori ingewekwa ya kwanza, mtu akishuka tu stesheni apewe hiyo na maji ya kunywa. Kwa sababu tofauti ya huku na kule ni kubwa na kaka hapendi kuikubali haraka: kule wamehamia kwenye jimbo lenye bunge lake na miji inayojipangia bajeti kwa mkono wa mwananchi, huku sehemu kubwa ya hela ya halmashauri inatoka Dodoma, kwa hiyo hata tukihamia elfu ishirini hatubadilishi kodi ya mtu yeyote. Kinachobaki ni hicho cha kushushiana mzigo. Mimi kwangu kinatosha, sikuja kutunga sheria, nilikuja kwa sababu kodi ya fremu Mbagala ilikua inanila mimi kabla mimi sijala.

Sasa niwaambie kuhusu Bibi maana bila Bibi hii huduma ni kampuni ya guta tu.

Mwenyeji niliyepangiwa ni bibi mmoja wa Ujiji, Muha wa kutokea upande wa Kasulu, mjukuu wake yuko kwenye kundi. Nyumba ya tofali za kuchoma, uani kuna mchikichi mmoja na jiko la kuni. Nilifika usiku, nikapiga goti nikamwambia shikamoo Bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu alafu akaanza kuniuliza za huko, za safari, za wazazi, za waliobaki, za waliotangulia, salamu ya Waha ni ndefu na unaipokea kwa kupiga makofi taratibu, nimechoka nasikia kulia ila nikawa najibu moja moja. Chakula kilikua ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kuchemsha aliyetiwa mawese, mawese mapya yale mekundu yanayoacha rangi kwenye kucha mpaka kesho yake, na sio haya ya chupa mnayouziwa Kariakoo yamekaa mpaka yameganda. Kwenye chakula natoa nyota zote, sina cha kuongeza, mwenye mashaka aende Mwandiga akanunue mawese pale njia panda kisha arudi tuongee.

Bibi hajui New Hampshire na hataki kujua. Nilimuuliza kwanini anapokea wageni wa watu asiowajua, akaniambia stori ambayo sikuitegemea. Mwaka 1972, kwenye ile Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji, Kigoma ilikua ya mwanzo mwanzo, kabla hata ya ile amri ya 1973 kwamba mpaka 1976 kila mtu awe kijijini. Yeye alikua binti. Lori lilikuja, vitu vikapakiwa, mtama ukiwa bado shambani, wakashushwa mahali ambapo kulikua na vigingi vimechomekwa chini kuonyesha nyumba yako itakua hapa na ya mwenzio pale. "Sisi tulihamishwa," akasema, "na tulipofika hapakua na mtu wa kutuambia karibu, maana wote tulikua wageni." Alisema hivo akiwa anapepeta mchele, hata hakunyanyua kichwa. Alafu akaniambia nisogeze ungo.

Nilivyomsimulia kaka mratibu kesho yake alinyamaza mda mrefu, kwa yeye ni mrefu. Ana vitabu vyake vyote vya uhuru na kuhama kwa hiari na hakuwahi kumuuliza bibi wa rafiki yake kuhusu kuhama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si ndo tunavyosema. Bibi hakunipa jembe alinipa kitenge. Kitenge cha Kongo, kizito, kina maua makubwa ya ndege, kimeingia kwa boti za Kibirizi bila shaka, akasema ana harusi Jumamosi. Nikafunga cherehani pale uani chini ya mchikichi. Kitenge cha namna hiyo ukikata ovyo ndege anatokea kichwa ubavuni na mkia mgongoni, kwa hiyo nilikitandaza mkekani nikazunguka nacho mpaka nikapata ndege wawili wakakaa kifuani wanaangaliana, nikakata. Nilivyomaliza Bibi hakuvaa kwanza. Aliligeuza gauni nje ndani, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote kuanzia kwapa mpaka chini kwenye pindo, taratibu kama anasoma barua, alipofika mwisho akasema "eeh". Basi. Jumatatu walikuja wanawake watano na vitenge vyao, wote walikua kwenye ile harusi. Hakuna tangazo la kulipia lingenipa hivyo, na nasema hivi kwa wale wanaoniuliza "na kazi je, kazi utapata?", kazi inategemea umeshushwa kwa nani.

Kuhusu serikali ya mtaa, hii wanaifanya vizuri sana na msiidharau. Mje na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka mtaa unaotoka. Kigoma ni mpakani, ng'ambo ya ziwa Kongo, juu hapo Burundi, Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu toka 1996, kwa hiyo kuulizwa we nani na unatoka wapi ni jambo la kawaida hata kwa waliozaliwa hapa hapa, na mtu mwenye mawazo yake ya uhuru akifika akaanza kubishana mlangoni kwamba kwanini nijieleze atalala na njaa ya bure. Kaka mratibu pamoja na falsafa zake zote alivaa shati la mikono mirefu akaniambia dada tunaenda, tukaenda, mwenyekiti ni mzee mstaarabu, akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza ninashona sare za shule? Nikasema nashona. Akapiga mstari chini ya jina langu.

Haya, tuje kwenye malalamiko, na nayaweka wazi kwa sababu mwenyewe nimewaambia ana kwa ana kabla ya kuandika.

Chumba walichonitafutia ni kizuri, Mwanga, kikubwa, kodi elfu arobaini kwa mwezi na mwenye nyumba alikubali miezi mitatu badala ya sita, hiyo ni kazi ya kundi, ningekuja mwenyewe nisingeipata. Ila hakuna aliyeniambia kwamba nyumba nzima ina mita moja ya LUKU. Moja! Wapangaji wote tunachangia umeme sawa kwa sawa. Sasa mtu ana taa moja na chaja ya simu, mi nina ovaloki na pasi ya umeme. Wiki ya kwanza tu umeme ukaisha katikati ya usiku na nilisikia mlango wa jirani unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa, alafu sauti ya kiume koridoni, "tangu huyu fundi aje." Mtu amesema kwa nguvu makusudi nisikie. Na alikua na haki! Mi ningekua yeye ningesema hivo hivo na ningeongeza.

Nikampigia kaka. Akanijibu kwamba kundi haliingilii makubaliano kati ya mpangaji na mpangaji, kila mtu ni huru kuelewana na mwenzie. Aisee nilikasirika. Nikamwambia kaka, mimi nilichagua hiki chumba kwa maneno yako, we ulikiona, mita uliiona ukutani, hukusema, sasa hapo uhuru wangu wa kuchagua ulikua wapi? Mtu akificha nusu ya habari alafu akasema umeamua mwenyewe, huyo hana tofauti na dalali, tena dalali angalau anajulikana ni dalali.

Kilichotatua haikua kaka. Ni yule kijana aliyeshusha ovaloki, fundi umeme kumbe, alikuja Jumapili akafunga kamita kadogo ka pembeni kwenye laini ya chumba changu, mwenye nyumba karidhia, sasa kila mwezi tunasoma namba zangu mbele ya wapangaji wote pale koridoni, nalipa zangu, wao wanagawana zao. Pasi nimerudi kwenye ya mkaa, na kusema ule ukweli kwa vitenge vizito pasi ya mkaa ni nzuri zaidi. Yule baba wa koridoni nimemshonea suruali. Kamita nilinunua mwenyewe, ufundi hakuchukua hela, nilimlazimisha achukue hela ya soda. Lakini nauliza, hili si lingekua swali la kwanza kwenye fomu yao? "Mgeni ana mashine ya umeme? Ndiyo. Nyumba ina mita ngapi?" Wana maswali mengi kuhusu unaamini nini na hilo hawana.

Lingine ni hela. Ile elfu hamsini inaenda wapi? Niliuliza, nikaambiwa guta, mafuta, na mwenyeji anapewa chochote. Chochote ndo kiasi gani? Bibi alinipikia, alinichotea maji ya kuoga, alinipa wateja, mi nataka nijue amepewa ngapi, na nilipomuuliza yeye akacheka akasema hela ya wajukuu haihesabiwi. Bibi ndo huyo, atasema hivo, ila kundi lisijifiche nyuma ya ukarimu wa mzee. Hii ni Kigoma jamani, manispaa ya Kigoma Ujiji ilikua kati ya serikali za mitaa 15 duniani zilizochaguliwa kwenye majaribio ya ule Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2016, kabla nchi haijajitoa 2017, alafu kundi la watu wanaojiita wapenda uhuru linashindwa kuandika kwenye karatasi ya daftari elfu hamsini imegawanyikaje? Wameahidi wataandika. Nikiona nitarudi kuhariri hapa.

Nani aje: fundi wa aina yoyote, mtu mwenye kazi ya mikono, mtu anaetaka kuanza kidogo kidogo na kodi isimle, mtu anaeweza kusalimia. Mawese, dagaa, vitenge, sabuni za mise (kokwa za chikichi), biashara zipo ila zina wenyewe, unaingia kwa kujifunza. Nani asije: anaetafuta mahali asipoulizwa kitu na mtu. Huku utaulizwa. Utaulizwa na mwenyekiti, na jirani, na mtoto wa jirani, na mama muuza mgebuka atakuuliza mbona jana hukupita. Kama uhuru kwako ni kutojulikana, baki Dar, kule hata ukifa wiki inapita.

Mkija mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne ni mvua, funikeni mizigo na turubai sio kanga. Makochi uzeni huko huko, mafundi seremala wa huku wanachonga mninga vizuri na bei ni ya kuongea. Simu yao siiweki hapa, mwenye nia ya kweli aniandikie pembeni nitamuunganisha na yule kijana wa guta, sio kaka mratibu, kaka mratibu mtaongea nae mkishafika, mda atakuwa nao.